Namba ya shasi haitoshi

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Kiwanda kilikuwa kimeileta mwaka 1964, ikiendeshwa na Tom Trana. Anayefuatilia historia ya gari ya namna hiyo huanza na namba ya shasi, kwa sababu plaki hubadilishwa. Lakini shasi haisemi ni nani aliyeitengeneza usiku kucha. Datsun 240Z iliyoshinda 1971 inatunzwa na Nissan huko Japani; majina ya mafundi wa Nairobi ni nadra kutajwa. Sisi wa Minembwe tunajua kwamba gari haifiki Baraka bila fundi. Wazee hao waulizwe sasa, wangali hai.