Kuongeza maji si kutengeneza

Ndugu mfanyakazi, kila asubuhi unaongeza maji katika radiatere ya motokari yako ya zamani, halafu unasema: imepona. Hapana! Maji hayapotei bure. Kama chini hakuna tone, pengine bomba la plastiki juu ya motere limepasuka kwa joto la miaka mingi, na maji yanaingia ndani.

Lubumbashi iko mita 1.200 hivi juu ya bahari. Hapa maji yanachemka karibu na digrii 96. Kifuniko cha radiatere kinayakandamiza, yanapita digrii 100 bila kuchemka. Ukikifungua kwa haraka katika njia ya Likasi, yanakurukia usoni. Ngoja motere ipoe.

Mama, maji ya rangi ya radiatere mara nyingi ni sumu tamu: uyafiche mbali na watoto.

Fundi analipwa, macho hayanunuliwi.