Futa waya ukutani, usifute mkwaruzo wa mkoba

Wauzaji wenzangu, leo naanza kwa kujisema mwenyewe.

Juzi kati niliposti mkoba wa ngozi wa mtumba, mzuri kweli. Kwenye mkanda ulikuwa na mkwaruzo, urefu kama njiti ya kiberiti. Simu yangu ina kile kifutio cha siku hizi, unapitisha kidole juu ya kitu, kinapotea. Nilianza na waya wa umeme uliokuwa ukutani. Kidole kikanogewa, nikafuta na mkwaruzo. Mkoba ukaondoka siku hiyohiyo kwa 35,000.

Dada aliyenunua aliufungua mbele ya bodaboda, akapiga picha ule mkanda, akanitumia bila neno. Nikarudisha hela yote na nauli za kwenda na kurudi nikalipa mimi. Hela imeshasahaulika. Kinachouma ni kwamba alikuwa mteja wangu wa kila mwisho wa mwezi, na hajarudi tena.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotuambia tutumie kila kipya kinachokuja. Tangu Photoshop ilete kujaza picha kwa akili mnemba mwaka 2023, programu nyingi zimefuata. Zinafuta, zinaongeza, zinapendezesha. Lakini mteja wetu hajashika mzigo. Picha ndiyo anayoshikia.

Mimi sasa nafanya hivi:

1. Napiga picha karibu na dirisha, naweka karatasi nyeupe pembeni ya bidhaa.

2. Kwenye Lightroom ya simu au Snapseed, naingia sehemu ya kurekebisha weupe, nachukua kile kialama cha dropa, nagusa karatasi. Maruni inabaki maruni, haigeuki nyekundu. Kisha naikata karatasi itoke kwenye picha.

3. Nanakili marekebisho hayo na kuyabandika kwenye picha nyingine za mwanga uleule. Sirudii kazi moja mara 20.

4. Kifutio ni cha ukutani na sakafuni tu. Bidhaa hakigusi. Nikiondoa bakgraundi, nakuza picha nikague kingo, maana programu hupenda kula kamba nyembamba na nyuzi za pindo.

5. Picha ya mwisho ni ya kasoro, ya karibu, bila kuhaririwa. Naandika: "Mkwaruzo upo hapa," na bei naishusha.

Mtasema mteja akiona kasoro atakimbia. Kweli, wapo wanaokimbia. Ila anayebaki anajua anachonunua, na mzigo ukifika hakuna ugomvi. Tangu nianze hivi nimeuza mikoba mitatu yenye kasoro, na hakuna hata mmoja uliorudi.

Wewe je, kasoro unaionyesha mwenyewe au unasubiri mteja aione mlangoni? Tuambiane hapo chini.