Ilhamu Haimo Ndani ya Skrini

Kuna swali ambalo vijana wanaosomea sayansi ya kompyuta huniuliza kila mara: nifanye nini nisichoke na kazi hii? Wanataka niwatajie kozi, video, au kitabu cha bilionea fulani wa Marekani. Mimi huwajibu: zima tarakilishi, utoke nje. Wao hucheka wakidhani natania. Sitanii. Leo nitaeleza kwa nini, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwezi wa Juni 2025 niliiandikia kliniki moja ndogo programu ya kuwakumbusha wagonjwa miadi yao kwa arafa. Kazi rahisi. Programu inachukua saa kutoka kwenye hifadhidata, inaiweka baada ya neno "saa", inatuma. Nilifanya majaribio, yote yakapita. Nikalala usingizi mzuri.

Siku chache baadaye muuguzi akanipigia simu niende haraka. Nilimkuta nyanya mmoja ameketi kwenye benchi, simu yake ndogo mkononi. Alikuwa na shida ya presha, na alikuwa amepanda matatu mbili kufika pale. Daktari huwaona wagonjwa asubuhi tu, kwa hivyo alikuwa ameshaondoka.

"Mwanangu, si mliniambia saa nane?" akaniuliza, akanionyesha simu.

Arafa ilisema: "Fika kliniki kesho saa 8." Mimi nilimaanisha saa mbili asubuhi. Yeye alisoma Kiswahili jinsi kilivyo, akaja saa nane mchana. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi! Nilimwambia, "Pole sana nyanya, kosa ni langu," nikampa nauli. Lakini nauli haimrudishi daktari. Akapangiwa siku nyingine baada ya wiki mbili.

Nilijiuliza: mimi niliyezaliwa nikisikia Kiswahili nilikosaje jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza analijua? Jibu ni kwamba nikikaa mbele ya skrini nilikuwa naiacha lugha yangu mlangoni, kama viatu. Nilifikiri kwa Kiingereza, kisha nikavisha mawazo yangu maneno ya Kiswahili.

Tangu siku hiyo nimeanza kuisikiliza lugha. Saa zetu zinahesabiwa tangu kunapokucha, na hapa karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Ukiambiwa saa mbili asubuhi unajua kumekucha saa mbili zilizopita. Huo ni ubunifu, tena wa watu waliojua mahali wanapoishi.

Au chukua ngeli, zile zilizotutesa shuleni. "Kitabu kikubwa kimeongezwa." Vikiwa vitano, sentensi nzima inabadilika: "Vitabu vikubwa vitano vimeongezwa." Kwa Kiingereza mwanaprogramu anabandika herufi moja mwishoni mwa nomino na kazi imekwisha. Kwetu, nomino, sifa, idadi na kitenzi lazima vipatane. Kuna lugha za kompyuta zinazokagua aina ya kila kitu kabla programu haijaanza, na tunazisifu sana. Nyanya yule hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, lakini ukikosea ngeli atakurekebisha kabla hujafunga mdomo.

Haya, tuje kwenye michezo. Baada ya kisa cha kliniki nilitaka kuwaambia watafute mtu mwingine. Tarehe 26 Juni nikakaa kumtazama Faith Kipyegon jijini Paris, akijaribu kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na kitu. Ilikuwa kasi kuliko rekodi yake ya dunia ya 2023, dakika 4 sekunde 7.64, lakini lengo hakulifikia, na dunia nzima ilikuwa ikitazama. Siku tisa baadaye, Julai 5, alikuwa Eugene, Marekani. Akakimbia mita 1500 kwa dakika 3 sekunde 48.68 na kuvunja rekodi yake mwenyewe ya 2024, iliyokuwa dakika 3 sekunde 49.04.

Piga hesabu: sekunde 0.36. Hata nusu sekunde haifiki. Hakungoja mpaka watu wasahau Paris. Alirudi kiwanjani akatafuta kile kidogo kilichowezekana. Jumatatu yake nilirudi kliniki.

Huko nikakumbana na kikomo. Arafa moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160, na kila inayozidi inalipiwa. Nikaanza kunung'unika. Kisha nikakumbuka nyatiti. Ina nyuzi nane tu. Mpigaji anazicharaza kwa vidole, anagonga mbao kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu, njuga zinalia mguuni, na bado anaimba. Mtu mmoja ni bendi nzima! Na ucharazaji huo ndio uliohamia kwenye gitaa za benga. Mimi nina tarakilishi yenye kumbukumbu ya kupindukia na bado nalia kwamba nafasi haitoshi?

Nikakumbuka pia utenzi. Kila kipande mizani nane, vipande vinne kwa ubeti, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachobebwa mpaka mwisho wa utenzi. Mnamo 1858 Mwana Kupona alimtungia binti yake wosia mzima ndani ya kipimo hicho. Kikomo hakikumziba mdomo. Kilimlazimu kuchagua neno.

Basi nikaziandika arafa upya, nikazisoma kwa sauti kama mtu anayeghani. Nikamsomea bawabu wa jengo letu: "Njoo kliniki kesho saa 2 asubuhi. Beba kadi yako." Akaniuliza, "Kadi gani? Ya kitambulisho?" Nikabadilisha: kadi ya kliniki. Hayo yalikuwa majaribio bora kuliko yote niliyofanya kwa mashine.

Najua kuna wenzangu watakaosema huu ni uvivu uliopambwa. Mteja analipia programu, halipii nyatiti wala mashairi. Nami nasema mteja hakulipia programu pia. Alilipia mgonjwa afike wakati daktari yupo. Majaribio yangu yote yalipita na mgonjwa akarudi nyumbani bila kuonwa. Hakuna kitu ndani ya tarakilishi yangu ambacho kingeniambia maana ya saa nane. Kilikuwa nje, midomoni mwa watu.

Ndiyo maana nasema ilhamu si radi inayokupiga ukiwa umekodolea macho skrini. Ni mazoea ya kila siku. Tazama mbio hadi mwisho, hasa za aliyeshindwa juzi. Sikiliza wimbo mmoja mpaka ujue kila chombo kinafanya nini. Andika kitu ambacho si msimbo. Zungumza lugha yako na watu wazima, tena polepole.

Nyanya? Siku yake ilipofika nilikuwa pale. Alifika saa mbili kasorobo asubuhi, kabla ya daktari. Akanitazama, akatazama saa ya ukutani, akacheka.

Na wewe je, unachota wapi nguvu za kazi yako? Niandikie hapo chini.