Ndala si kosa la kumrudisha mwananchi langoni

Kumrudisha mwananchi langoni kwa sababu amevaa ndala ni kumnyima huduma ambayo kodi yake imekwisha kuilipia, na safu hii haitachoka kulisema hilo. Mtindo huu umezoeleka katika ofisi nyingi za umma: mlinzi humtazama mtu miguuni kabla ya kumuuliza shida yake. Aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe hugeuza njia na kurudi alikotoka, au huazima viatu vya mtu asiyemjua ili apite. Amri hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba vidole vya miguu vikionekana, heshima imepotea. Dhana hiyo haina mizizi katika desturi zetu, wala katika historia ya kiatu chenyewe.

Tuanze na kwetu. Pwani, bwana harusi akishavaa kanzu, joho na kofia, mguuni hutia makubadhi ya ngozi, vidole vikiwa nje, na hakuna mzee atakayesema kijana huyo hakujiheshimu. Kabla ya mpira na plastiki kuenea, watu walitawadhia mitawanda, viatu vya mbao vyenye kijiti cha kubanwa kwa vidole. Oman na nchi nyingine za Ghuba, watu wazima huenda kazini na barazani wakiwa na kanzu, kilemba na viatu vya wazi. Bara nako, matairi yaliyochakaa yakageuzwa kuwa katambuga, ambazo Wakenya huziita akala, na wafugaji wakatembea nazo masafa marefu. Katika nchi zenye joto na vumbi, mguu ulio wazi hupata hewa na huoshwa upesi. Kwa watu wa Ulaya sandali ni vazi la miezi michache ya kiangazi. Kwetu ni la mwaka mzima.

Ndala za mpira nazo zina ukoo wa heshima. Asili yake ni zori za Wajapani, zilizosukwa kwa majani makavu. Baada ya Vita Kuu ya Pili zori za mpira zilienea Marekani, na mwaka 1962 kampuni moja ya Brazil ikaanza kutengeneza Havaianas, ambazo soli yake ina alama kama punje za mchele kwa kukumbuka zori hizo. Zilikuwa rahisi, wafanyakazi wakazipenda, na katika miaka ya 1980 serikali ya huko ikazihesabu miongoni mwa bidhaa za msingi katika vita vyake dhidi ya mfumuko wa bei. Wenye fedha waliziona kuwa viatu vya maskini. Mwaka 1994 zikatoka za rangi moja, zikatangazwa na watu maarufu, na leo zinauzwa katika maduka ya kifahari ya Ulaya. Umbo ni lile lile, soli ya mpira na kamba ya kupita kati ya vidole. Kilichobadilika ni mfuko wa anayezivaa, na huo ndio mfuko unaopimwa kwenye malango yetu. Sandali za ngozi za bei kubwa huonyesha vidole vile vile, lakini mwenye nazo haulizwi neno.

Wapo watakaosema kwamba hata Wazungu hawaendi na ndala mbele ya wakubwa. Julai 2005, wachezaji wa timu ya wanawake ya lakrosi ya Chuo Kikuu cha Northwestern, mabingwa wa Marekani, walipiga picha na Rais George W. Bush katika Ikulu ya nchi hiyo, baadhi yao wakiwa na ndala. Magazeti yalipiga kelele, lakini mabinti walikuwa wamekwisha kuingia na kupokewa, na baadaye wakazinadi ndala hizo kumchangia mtoto mwenye uvimbe wa ubongo. Wengine hutaja usalama. Hapo nakubaliana nao: kiwandani, kwenye ujenzi na juu ya bodaboda, ndala ni hatari kwa mguu. Lakini foleni ya kuchukua fomu haina msumeno wala zege. Wengine husema ofisi ina haki ya kupanga mavazi. Inayo, kwa watumishi inaowalipa mshahara. Mwananchi hakuajiriwa pale. Yeye ndiye ambaye ofisi ilifunguliwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo amri hiyo ifutwe, na walinzi waelekezwe kumuuliza mtu haja yake. Ofisi inayotaka kulinda heshima yake ina kazi ya kutosha ndani: mafaili yanayopotea, foleni zisizosogea, na afisa ambaye saa nne asubuhi hajafika mezani. Hayo ndiyo yanayoiaibisha, na hakuna hata moja lililoletwa na mtu aliyevaa ndala.