Fosfeti tunayo Minjingu, chumvi ya maabara tunasubiri meli

Leo siongelei bei ya mpunga wala siasa za Dodoma. Naongelea chumvi. Ndiyo, chumvi!

Niliwahi kupata kibarua cha kukamata mbu hapa bondeni, kwenye mradi mmoja. Asubuhi tunatoa mbu kwenye mitego, tunawahesabu, tunaandika kijiji na nyumba. Siku moja nikauliza mbona majibu ya mbu wetu hayatoki. Nikajibiwa, vitendanishi havijafika. Kipi hasa? Chumvi ya bafa. Nikacheka, nikasema si tuchukue ya Uvinza pale dukani! Kumbe mjinga ni mimi.

Ya Uvinza ni chumvi ya mezani. Hii nyingine ni ya fosfeti. Ukichanganya aina mbili za fosfeti, ya sodiamu na ya potasiamu, unapata maji yasiyoyumba: ukiongeza asidi kidogo au alkali kidogo, yenyewe yanabaki palepale. Bafa inayotumika sana huitwa PBS, na pH yake ni 7.4, karibu sawa na damu ya binadamu. Lita moja inakula gramu 1.44 za fosfeti ya sodiamu na 0.24 za ile ya potasiamu, pamoja na gramu 8 za chumvi ya kawaida. Yaani fosfeti yote haijazi hata kijiko cha chai.

Sasa kwa nini iwe safi sana? Kwa sababu uchafu kidogo wa metali, au vimeng'enya vinavyokata DNA, unaharibu kipimo. Na kipimo ndiyo kila kitu. Kundi la Anopheles funestus lina ndugu wanaofanana, kwa macho huwatofautishi. Lazima DNA iseme nani ni nani. Kujua mbu gani amebeba vimelea vya malaria, kuna kipimo cha ELISA, na hicho bila PBS hakiendi.

Hapo ndipo roho inaniuma. Minjingu, mkoani Manyara, tuna mwamba wa fosfeti uliotokana na vinyesi vya ndege wa ziwani wa zamani. Tunausaga, unakwenda shambani kama mbolea. Wengine watasema, basi tujenge kiwanda cha chumvi ya maabara. Mimi nasema tusikurupuke. Mwamba ule una floridi na urani. Inabidi uyeyushwe kwa asidi, usafishwe, ugandishwe upya tena na tena. Na mnunuzi nani, kama lita moja inataka gramu 1.68? Maabara zote nchini hazilishi kiwanda hicho.

Kwa hiyo tatizo si mwamba, ni mpango. Utafiti Ifakara ulianza mwaka 1949 na Mswisi Rudolf Geigy, na Taasisi ya Afya Ifakara ya leo inajulikana duniani. Lakini fedha nyingi za utafiti wa malaria nchini bado zinatoka nje. Mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, wote tuliona kamba ilivyo nyembamba.

Pendekezo langu ni dogo. Maabara za serikali, vyuo na taasisi zinunue vitendanishi vya msingi kwa pamoja, ziweke akiba ya mwaka mzima hapa nchini, na fungu hilo litoke kwenye bajeti yetu wenyewe. Fosfeti kavu ikifungwa vizuri haiozi, inakaa miaka. Hii si mashine ya mabilioni, jamani!

Mbu aliyekaushwa anaweza kusubiri kwenye kichupa. Mtoto wa Lupiro au Mngeta hasubiri. Majibu yakija baada ya masika, dawa ya mbu inachaguliwa kwa kubahatisha.

Mimi ni wa kidato cha nne tu, wataalamu nisahihisheni. Naomba kutoa hoja. Maoni ruksa, matusi hapana.