Kompyuta Nayo Ni Ala, Ikipigwa Mbele ya Watu

Kuna maneno nimeyasikia mara nyingi katika baraza zetu za Mombasa, nayo husemwa kama hukumu iliyokwisha kukatwa: kwamba vijana wa siku hizi wanaopiga muziki kwa kompyuta si wapigaji, ni wabonyezaji wa vidude tu. Mzee mmoja akishasema hivyo, wengine huitikia "Naam," kahawa ikamiminwa, na mazungumzo yakahamia kwingine. Mimi ni mpenzi wa udi na fidla, na umri wangu umeshapita hamsini. Ningeweza kuitikia pamoja nao. Lakini naona hukumu hiyo imekatwa kabla ya shahidi kusikizwa.

Nieleze kwanza ninayesema naye ni nani. Wako masheikh wanaozikataza ala zote, na wako wanaoruhusu baadhi. Mimi si mufti, wala ukurasa huu si mahali pa kutoa fatwa. Maneno yangu ni kwa yule ambaye taarabu anaisikiliza, harusini anakwenda, na mwimbaji akimgusa moyo humtunza. Kisha akageuka na kusema fidla ni yetu, kompyuta ni ya watu wengine. Huyo ndiye ninayemwuliza: fidla tuliipata wapi? Kodiani je? Chama cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilianzishwa mwaka 1905, na tangu zama hizo taarabu imekuwa ikizipokea ala za wageni na kuzifundisha Kiswahili. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mtambo wa kunasa sauti, mtambo ule ulikuwa mgeni kwetu kuliko kompyuta ilivyo leo. Baadaye kikaja kinanda cha umeme, na maharusi wetu wakaingia ukumbini kwa sauti yake. Sikumbuki baraza lililovunjika kwa sababu hiyo.

Basi mtambo si hoja. La kuulizwa ni jingine: je, mwenye mtambo yuko mbele ya watu, anawasikia, anawajibu, na akikosea wanamwona?

Jawabu la swali hili nililiona bara, mahali ambapo sikulitarajia. Nilialikwa harusi karibu na Moi's Bridge, mji wa mahindi ulio katika njia ya Eldoret kwenda Kitale, ambao zama za walowezi ukiitwa Hoey's Bridge. Mpigaji alikuwa kijana mmoja, na vyombo vyake vyote vilienea juu ya meza: kinanda kidogo, kompyuta ya kubeba, na maikrofoni mbili. Maikrofoni moja ilikuwa yake, na ya pili alikuwa ameielekeza kwa mzee aliyeketi kando akipiga litungu, ile ala ya nyuzi ya Wabukusu. Bibi harusi akachelewa. Kijana yule hakuweka wimbo ukajipiga huku yeye akila pilau. Alikaa pale pale, jicho lake mlangoni, akaurefusha muziki. Akinamama wazee walipoinuka kucheza akaupunguza mwendo ili magoti yao yasiaibike, na mzee wa litungu alipobadilisha mdundo, kijana akamfuata. Nikamwambia baadaye, "Mwanangu, kumbe mashine hii inasikia." Akacheka, akanijibu, "Mzee, mashine haisikii. Ni mimi ninayesikia."

Jawabu hilo lingetosha kufunga mjadala wa barazani. Lakini huenda mtu akasema kijana mmoja wa Moi's Bridge si hoja, na kwa hivyo natoa mifano mingine.

Katika mitaa ya Dar es Salaam wako wapiga mchiriku, kama kundi la Jagwa Music, ambao kwa miaka mingi wamefanya kazi kwa vinanda vidogo vya Casio na ngoma, wakitumbuiza uswahilini. Mtaani humo ndimo ilimozuka singeli, na hapa nawaomba wapenzi wa taarabu wasikilize vizuri: singeli ilianza kwa vijana kuchukua vipande vya ala katika nyimbo za taarabu, wakavizungusha na kuviharakisha mpaka vikawa mbio, kisha mwimbaji akasimama juu yake na kughani papo kwa papo. Mwaka 2017 santuri iitwayo Sounds of Sisso, yenye kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, ilitolewa na kampuni huru ya Kampala, na tangu hapo vijana hao wamealikwa hata Ulaya. Kumbe mjukuu tunayemkana ana sura yetu.

Kaskazini mwa Uganda, katika mji wa Gulu, kukodi kundi zima la wapigaji kwa ajili ya harusi kulikuwa ghali mno kwa watu. Otim Alpha, aliyekuwa mwanandondi na mwimbaji wa harusi, akashirikiana na fundi Leo Palayeng wakaitia ngoma ya Kiacholi ndani ya kompyuta. Na Nairobi amezaliwa Joseph Kamaru ajulikanaye kama KMRU, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwimbaji mkuu wa Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018. Babu aliimba kwa gita. Mjukuu hunasa sauti za mitaa na upepo, kisha huzifuma mbele ya hadhira. Huko Jinja, safari isiyo ndefu kutoka Bungoma ukipitia Malaba, tangu mwaka 2015 kumekuwa na tamasha kubwa la vijana wa namna hii, lenye jina ambalo kwa Kiganda lina maana ya hamu ya kucheza, lakini sisi wa pwani hatulitamki mbele ya wakwe.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana sikuja kuwapaka vijana mafuta. Wako wanaojiita waimbaji, wakachukua malipo kamili, wakapanda jukwaani na kuimba juu ya kanda: midomo inacheza, sauti ilishanaswa studio zamani. Umeme ukikatika, mdomo unabaki wazi. Huu ni uwongo, na ni ajabu kwamba baraza zetu huwasamehe hawa kwa kuwa wamevaa suti na nyuma yao limewekwa gita, huku zikimhukumu kijana wa kompyuta anayetoka jasho. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, limeshika sharti kwamba atakayepanda jukwaani apige na aimbe papo kwa papo. Sharti hilo lingefaa kuvuka bahari likaingia katika kumbi zetu zote.

Sisi tuliosoma chuoni tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Mwalimu wetu hakuturidhia kwa kujua herufi peke yake. Tulikaa mbele yake, tukasoma kwa midomo yetu, naye akatusahihisha pale pale. Elimu ile ilipita kutoka mdomo hadi sikio, uso kwa uso. Muziki si Kurani, hasha, wala siulinganishi nayo. Ninalosema ni kwamba sisi tumelelewa tukijua thamani ya kusimama mbele ya anayekusikia.

Limebaki jambo zito, nalo ni la riziki. Kompyuta ikiingia harusini Gulu, kuna wapigaji waliobaki nyumbani siku hiyo. Kompyuta ikiingia Bungoma, yule mzee wa litungu naye anaweza kubaki nyumbani, na sauti yake ikaendelea kupigwa bila yeye, bila jina lake na bila senti. Hofu hii si ya bure. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, majirani wa Wabukusu, iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Ndiyo maana nilimpenda kijana wa Moi's Bridge: litungu hakuliiba, alimketisha mwenyewe kando yake, na watu walipokuja kutunza, noti ziliwekwa kwa wote wawili.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwa vijana: mtakayemnasa sauti, mtajeni na mgawane naye, na maneno ya nyimbo zenu yapeni muda kama mnaoupa mdundo, kwani mdundo mzuri juu ya maneno matupu ni sinia la fedha lisilo na chakula. Kwa wenye kumbi na wenye harusi: mlipeni mpigaji siku ile ile, na mwimba juu ya kanda msimlipe bei ya mwimbaji. Kwa serikali za kaunti, ziwe za Uasin Gishu, Trans Nzoia, Bungoma au Mombasa: Katiba ya 2010 imewakabidhi shughuli za utamaduni na burudani za umma. Jukwaa moja lenye paa na umeme wa kutegemewa katika mji mdogo si gharama ya kulifilisi bunge la kaunti.

Nanyi wenzangu wa barazani, kijana wa kompyuta akija mtaani kwenu, msimhukumu kwa sikio la mtu mwingine. Nendeni mkamsikilize. Akiwa mwongo mtamjua, na akiwa fundi, mtunzeni.