Kitoe Kiendeshi, Kinyang'anye na Funguo

Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows zilikwama kwa hitilafu ya programu moja ya ulinzi. Safari za ndege zilifutwa, hospitali zikaahirisha matibabu. Hitilafu ilikuwa ndogo. Kukaa kwake ndani ya kiini cha mfumo ndiko kulikozaa janga.

Viendeshi vingi vya vifaa navyo hukaa humo humo. Wapo wanaosema tuvitoe nje, viishi kama programu za kawaida, yaishe. Hayaishi! Kadi ya mtandao huandika kwenye kumbukumbu ya mashine bila kupitia kwa prosesa. Kiendeshi kikiipa anwani mbaya, itaandika juu ya kiini chenyewe. Ni kumhamisha mpangaji ukamwachia ufunguo.

Mwaka 2007 Linux ilifungua mlango huo kwa UIO, bila mlinzi. VFIO ya mwaka 2012 ikaja na mlinzi: IOMMU, sakiti inayokagua kila anwani ambayo kifaa kinataka kuigusa, na kuzikataa zisizo zake.

Tunaambiwa ulinzi huu unaua kasi. Mbona DPDK, iliyoundwa kwa ajili ya kasi, huendesha kadi za mtandao nje ya kiini ikitumia VFIO? Anayezima IOMMU kimya kimya asituuzie neno "salama".